Chanuo la Mti na Maneno Yake

Siku hizi mtu wa Gare, katika milima yetu ya Usambara, atakaye kuchana nywele hununua chanuo la plastiki sokoni. Hatulilaumu, bei yake ni nafuu, nalo hufanya kazi. Lakini ikiwa nyumbani mwenu limesalia chanuo la mti, twakuomba usilitie motoni kabla ya kusoma maneno haya.

Kwanza tutazame kazi yake. Nywele zetu hujisokota na kushikana. Kitana chenye meno yaliyosongamana hukamata fundo zima kwa mara moja, nywele zikakatika. Kwa hiyo fundi wa chanuo huchonga meno marefu, yaliyoachana, yenye ncha butu zisiumize kichwa. Tena huyaelekeza meno kufuata nyuzi za mti. Akiyakata kwa kukingama, huvunjika upesi. Akiisha kuchonga, hulainisha kwa majani makavu ya msasa, mti ule ulioipa jina karatasi ya maseremala. Naye mwenye kulitumia huanzia kwenye ncha za nywele, akapanda kidogo kidogo hata mashinani.

Lakini juu ya meno pana mpini, na mpini ndio wenye maneno. Tukiteremka kwa njia ya Soni hata Mombo, kisha tukaandama pwani upande wa kusini, twafika kwa Wazaramo, karibu na Dar es Salaam. Wachongaji wao wa zamani waliweza kutia katika mpini umbo la mwana hiti: kichwa chenye kishungi cha nywele, na kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu. Mwana hiti mwenyewe alikuwa sanamu ndogo aliyopewa mwali akiwa ndani. Alimpaka mafuta na kumtunza kama mtoto, apate kujifunza malezi. Basi umbo lile katika chanuo halikuwa pambo tu. Lilikumbusha mafunzo ya unyago na tumaini la uzazi.

Mbali sana, Afrika ya Magharibi, Waasante wa Ghana nao wana fikira iliyo karibu na hiyo. Chanuo la mti huliita duafe. Zamani mwanamume alimpa mkewe au mchumba wake chanuo lililochongwa vizuri, na alama ya duafe hupigwa katika nguo za adinkra kuonyesha usafi na wema wa mwanamke.

Mwaka 2013 nyumba ya makumbusho ya Fitzwilliam, mjini Cambridge katika Uingereza, ilionyesha machanuo ya Waafrika na ya vizazi vyao walioko ng'ambo, tangu ya Misri ya kale hata ya plastiki: habari za miaka kama 6,000. Lakini chanuo lililomo katika kabati la kioo mara nyingi halina jina la aliyelichonga wala la aliyelitumia, kwa kuwa hakuna aliyeuliza kwa wakati wake.

Hapo ndipo penye kazi yenu, enyi wanafunzi. Mwulizeni bibi: Ni mti gani huu? Nani aliuchonga? Alama hizi maana yake nini? Kwa Kisambaa chanuo hili laitwaje? Andikeni majibu yake katika daftari. Mti waweza kudumu miaka mingi; mwenye kujua habari zake hadumu kama mti.