Upangaji wa samani wakati wa baridi

Upangaji wa samani wakati wa baridi ni namna ya kuweka makochi, vitanda, makabati, mapazia na mazulia ili joto la nyumba liwafikie wakazi badala ya kupotelea ukutani na dirishani. Hufanyika hasa katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Uingereza na Ujerumani. Samani hazizalishi joto, wala kuzihamisha hakuchukui nafasi ya paa na kuta zilizojengwa vizuri. Hata hivyo ni hatua isiyo na gharama, nayo huwafaa zaidi wapangaji wasioruhusiwa kubadili jengo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyuzijoto 18 za selsiasi kuwa kiwango salama cha chini ndani ya nyumba wakati wa baridi.

Rejeta na kochi

Nyumba nyingi za Ulaya hupata joto kutoka rejeta, yaani bapa la chuma lenye maji ya moto lililofungwa ukutani, mara nyingi chini ya dirisha. Hewa iliyo karibu nayo hupata moto, hupanda juu, huzunguka chumba na kurudi chini ikiwa imepoa. Kochi likisukumwa hadi kwenye rejeta, mzunguko huo huzuiwa na joto huishia mgongoni mwa kochi. Pazia refu linaloifunika ni baya zaidi, kwa sababu huelekeza hewa ya moto kwenye kioo cha dirisha.

Kuna kosa lingine lisiloonekana kwa urahisi. Rejeta nyingi zina vali inayopima joto la hewa iliyo jirani na kujifunga yenyewe. Vali ikiwa nyuma ya kochi au pazia, hupima joto lililonaswa hapo na kujifunga mapema, huku chumba kikiwa bado baridi. Mkazi hudhani mtambo umeharibika.

Kuta za nje

Mwili hupoteza joto kuelekea vitu baridi vilivyo karibu hata kama hewa ni ya vuguvugu. Ndiyo sababu anayekaa kando ya dirisha husikia baridi kuliko mwenzake aliye katikati ya chumba. Kiti na kitanda hufaa kuwekwa kwenye ukuta wa ndani. Kabati likigandamizwa kwenye ukuta wa nje, hewa haipiti nyuma yake, mvuke hugeuka kuwa matone na kuvu huota, jambo lenye madhara kwa wenye pumu. Nafasi ya sentimita chache hupunguza tatizo hilo.

Historia

Kabla ya rejeta, samani zenyewe zilitengenezwa kwa kufikiria baridi. Kiti cha Kiingereza chenye mabawa kando ya kichwa kilizuia upepo na kukinga joto la moto wa mekoni. Huko Bretagne, Ufaransa, watu walilala katika vitanda vilivyofungwa kama kabati. Nchini Japani bado hutumika kotatsu, meza fupi yenye blanketi na chanzo cha joto chini yake.

Usalama

Hita ya umeme ya kuhamishika huwekwa angalau mita 1 kutoka kwenye samani na mapazia, kwa kuwa vitambaa vilivyo karibu nayo vinaweza kushika moto.