Vigelegele vya Ndoo ya Kwanza

Mwaka 1983 ulianza mradi wa kujaribu pampu za mkono huko Kwale, pande za Diani na Msambweni. Kwanza ilikuwa pampu ikiharibika, watu humngoja fundi wa mbali, na akina mama hurudia visima vya wazi. Ndipo shirika la KWAHO likakaa na wanavijiji, na wanawake wakafundishwa kutengeneza pampu wenyewe. Pampu ya Afridev, iliyotokana na majaribio ya huko na ya Malawi, hufunguliwa kwa spana moja tu.

Haya, mama aliyeitengeneza mara ya kwanza apigiwe vigelegele siku ile ile. Tusingoje kila kijiji kipate maji. Aliyeshangiliwa leo haiogopi spana kesho, na mara ya nne mkono umekwisha zoea.

Katika Ezra mlango wa 3 watu walipaza sauti kwa furaha, na nyumba yenyewe ilikuwa msingi tu. Wazee wengi walilia, wakiikumbuka ile ya kwanza. (Wazee wa namna hiyo tunao hata sasa!)

Basi jioni hii, kila mmoja nyumbani ataje jambo moja alilolimaliza, hata kama ni kuteka maji mapema. Wengine tupige makofi.