Ini Unalomtupia Mbwa

Siku ya kuchinja mbuzi, mbwa wote wa kijiji huja bila kualikwa. Mchinjaji akiona ini au pafu lina vifuko vya maji, hulikata na kuwatupia. "Hii si ya watu," husema. Kumbe hapo ndipo anapoulisha ugonjwa.

Ugonjwa huo huitwa hidatidi. Ndani ya vifuko hivyo mna vichwa vidogo vidogo vya mnyoo wa jamii ya tegu. Mbwa akivila vibichi, minyoo hukomaa utumboni mwake baada ya wiki sita au saba. Mnyoo mwenyewe hauzidi punje ya mchele, na mbwa haonekani mgonjwa. Lakini kinyesi chake hujaa mayai yasiyoonekana kwa macho. Mayai hayo hubaki kwenye manyoya, majani, udongo na maji. Mbuzi, ng'ombe na ngamia huyala malishoni, na watoto huyameza wakicheza na mbwa.

Wengi hudhani ni nyama inayoambukiza. Hapana, ni mayai ya mbwa. Ndani ya mtu, yai huwa mfuko wa maji, hasa kwenye ini au mapafu. Hukua polepole kwa miaka bila maumivu, hadi tumbo livimbe. Ukipasuka, unaweza kuua. Kwa hivyo tumbo likivimba, usikubali kutobolewa wala kuchanjwa nyumbani. Nenda hospitali. Kuna upasuaji na kuna dawa.

Wenzetu wa Turkana wameteswa sana na ugonjwa huu. Mwaka 1983 AMREF ilianza kupambana nao Lokichoggio: mbwa walipewa dawa, wanaorandaranda wakapunguzwa, na watu wakafundishwa. Ugonjwa ulipungua.

Sisi tufanye nini?

1. Ini na mapafu yenye vifuko tuyachome, au tuyazike kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Ukitaka kumpa mbwa, chemsha kwa nusu saa.
2. Mbwa wafungwe wakati wa kuchinja.
3. Tumuulize afisa wa mifugo dawa ya minyoo ya mbwa.
4. Tunawe mikono kabla ya kula, na mbwa asilambe vyombo wala uso wa mtoto.

Katika mkutano ujao wa kikundi, amueni jambo moja tu: nani atachimba shimo, na wapi. Jembe mnalo tayari.