Kamera ya Kompyuta: Yapime Haya Kabla ya Kununua

Siku hizi, mkazi wa Lodwar mwenye kesi Eldoret, au kijana wa Kakuma aliyeitwa kwa mahojiano ya kazi Nairobi, huenda asihitaji kupanda basi. Mahakama zetu zilianza kusikiliza kesi kwa wingi kwa njia ya video mwaka wa 2020, wakati wa korona. Kakuma nako, wanafunzi wamekuwa wakisoma kozi za mtandaoni za Jesuit Worldwide Learning tangu 2010. Lakini uso ukionekana kama kivuli au sauti ikikatika, nafasi hiyo yaweza kupotea.

Anza na ulicho nacho
Simu nzuri inaweza kuingia kwenye mkutano moja kwa moja, na mara nyingi kamera yake hushinda ile ya kompyuta kuukuu. Nunua kamera ya nje ikiwa unafanya kazi, unasoma au unahudhuria vikao mara kwa mara.

Namba kubwa si lazima
Kamera ya 720p inatosha kwa mahojiano na kesi. Ile ya 1080p ina picha safi zaidi, lakini inahitaji intaneti yenye kasi zaidi. Kwa Zoom, mazungumzo ya watu wawili kwa 720p yanaweza kula takriban gigabaiti 1 kwa saa. Kama bando ndilo tatizo lako, kamera ghali haitakuokoa.

Jina la kampuni
Kaunti haipendekezi kampuni yoyote. Tunachosema ni kwamba chapa ya kuaminika ni ile ambayo bidhaa zake zimekaa sokoni kwa muda mrefu. Mfano ni Logitech ya Uswisi, iliyoanzishwa 1981: modeli zake C270 ya 720p na C920 ya 1080p zimeuzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Hata hivyo, jina maarufu ndilo huigwa. Bei ikiwa chini mno kuliko kwa wauzaji wengine, uliza kwa nini.

Jaribu dukani
Beba kompyuta yako, kisha:

1. Chomeka kamera. Nyingi za kisasa hutambuliwa na kompyuta bila kusakinisha programu yoyote.
2. Shika risiti au gazeti mbele ya kamera. Maandishi yakikosa kusomeka ilhali boksi linasema 1080p au 4K, namba hiyo ni ya kutiliwa shaka.
3. Punga mkono. Picha isiburute.
4. Rekodi sauti yako kwa dakika moja, kisha isikilize. Baadhi ya kamera hazina maikrofoni.
5. Angalia kishikizo na urefu wa waya. Je, vinafaa mahali unapokaa?

Jua, vumbi na umeme
Usiache kamera ndani ya gari au juani. Futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, na uifunike ukimaliza. Unapoongea, elekeza uso dirishani. Mwanga mkali wa Turkana ukiwa mgongoni mwako utakugeuza kivuli hata kwa kamera bora. Wanaotumia sola wasihofu: kamera ya kawaida ya USB hutumia umeme mdogo, kwa kawaida usiozidi wati 2.5.

Haki yako
Dai risiti yenye jina la duka, modeli na muda wa waranti. Uliza kabla ya kulipa: kamera ikiharibika, nairudisha hapa Lodwar au hadi Nairobi? Waranti inayokutuma mamia ya kilomita haina faida kubwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakupa haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na risiti ndiyo ushahidi wako.

Mwisho, fanya jaribio na rafiki siku moja kabla ya kikao, saa ileile na mahali palepale. Kasoro ikigunduliwa jana yake, bado una muda wa kuirekebisha.