Antena kwanza, wati baadaye: kwa nini fonii inafika ao haifike



Katika Ituri yetu kungali vijiji vingi ambako telefone haina rezo. Huko, mama akizidiwa na uchungu wa kuzaa usiku, ambulansi inaitwa kwa fonii, ile redio ya mawimbi mafupi tunayoonaka kwenye vituo vya afya, misioni na viwanja vidogo vya ndege. Fonii isiposikika, mutu anatumwa na pikipiki, na barabara zetu munazijua. Kila mara inaposikika vibaya, nasikia neno moja: "Nguvu haitoshe, tununue poste kubwa." Mimi ni mtu wa agronomia, lakini swali hili linafanana sana na la shamba, na jibu lake linaweza kuokoa dola nyingi.

Mukumbuke sheria ya Liebig tuliyosoma: mavuno hayaamuliwe na chakula kilicho kingi katika udongo, yanaamuliwa na kile kinachokosekana zaidi. Mwaga azoti magunia kumi mahali panapokosa fosfori, mahindi hayatakushukuru. Redio njo vile. Kuko nguvu, antena, kimo, masafa na saa. Kilicho dhaifu kuliko vyote njo kinaamua umbali.

Tuanze na nguvu, yaani wati. Hata mahali pasipo kizuizi chochote, ukitaka kufika mbali mara 2 unahitaji nguvu mara 4. Fonii ya wati 100 ukiipandisha mpaka wati 400, yule anayekusikiliza ataona mshale wa poste yake unapanda alama moja tu. Lakini batri italia: poste ya wati 100 inakula karibu ampea 20 ya volti 12 wakati wa kusema. Ya wati 400 itataka karibu mara 4, na paneli za jua ziongezeke vilevile. Tena nguvu inasaidia kusema tu, haisaidie kusikia. Unakuwa mutu mwenye mdomo mkubwa bila masikio. Antena nzuri inafanya kazi zote mbili.

Kama unaona ninazidisha, tazama Voyager 1, chombo kilichorushwa na Wamarekani mwaka 1977. Kiko zaidi ya kilomita bilioni 20 kutoka hapa, na mtambo wake unatuma wati 20 na kitu, sawa vile balbu ndogo. Tunakisikia kwa sababu antena yake inaelekezwa vizuri, na huku duniani kuko antena za sahani zenye upana wa mita 70. Na wapenzi wa redio amateri wanaongeaka toka bara moja mpaka lingine kwa wati 5.

Sasa tutofautishe redio mbili. Ya kwanza ni ile ndogo ya mkono tunayoitaka motorola. Mawimbi yake yanaenda karibu moja kwa moja, sawa vile macho. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha kila antena kwa mita, jumlisha, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Watu wawili wamesimama, antena ziko mita 1.5: karibu kilomita 10 kwenye uwanja tambarare. Mmoja akipandisha antena mpaka mita 25: inapita kilomita 25, bila kuongeza hata wati moja. Lakini mlima ukiwa katikati, hesabu inavunjika. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, Ziwa Albert liko karibu mita 620, na ukingo wa milima unatutenganisha. Njo maana motorola ya Bunia inapata shida ya kushuka mpaka Kasenyi. Dawa yake ni kituo cha kupokezana juu ya mlima. Na ukitumia kebo ndefu na nyembamba kufikisha antena juu, zaidi ya nusu ya nguvu inaweza kupotelea ndani ya kebo.

Ya pili ni fonii. Mawimbi yake yanapanda mpaka ionosfea, kilomita 200 mpaka 400 juu, halafu yanarudi chini. Hapa kuko jambo linaloshangaza: kwa jirani, antena ya juu sana inaweza kuharibu. Kwa megahezi 7, antena ya dipoli ni waya wa karibu mita 20, mita 10 kila upande. Ukiitundika kwenye mita 6 ao 8, inatupa mawimbi wima, yanarudi kama mvua juu ya Mambasa, Mahagi, Aru. Ukiipandisha mita 20, mawimbi yanalala zaidi: utasikika vizuri mbali sana, na jirani wa kilomita 100 atakukosa. Waya huohuo, poste ileile.

Saa nayo iko na neno lake. Mchana, tabaka la chini la anga linameza masafa madogo, kwa hiyo megahezi 7 inafaa. Usiku tabaka lile linapotea, na lile la juu linalegea: mutu anashuka kwenye megahezi 3 mpaka 5. Poste inayonyamaza saa tatu ya usiku pengine haijaharibika, inangojea masafa mengine.

Kwa hiyo, mbele ya kununua poste: angalia viungo vya waya vyenye kutu, pima urefu, pima kimo, jaribu masafa mengine. Usipitishe waya karibu na umeme, na radi ikianza, chomoa antena.

Na moja la mwisho: usiweke redio bila ruhusa ya ARPTC. Toka tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na antena isiyo na karatasi inaweza kukufanya uonekane mutu mwingine kabisa.

Kwenye kituo cha afya cha kwenu, antena iko mita ngapi? Pima, halafu utuandikie.