Nyumba ikaguliwe kabla ya kukodi kirikuu

Ukipita barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam mwisho wa mwezi, hukosi kukutana na kirikuu iliyobeba vyombo vya familia nzima: kitanda kimefunguliwa, ndoo zinaning'inia ubavuni, kijana kakaa juu ya kochi ameshikilia friji lisianguke. Mzigo ule umegharimu wiki nzima ya kufunga maboksi. Lakini kwa niliyoyaona kwa ndugu na majirani, kinachovuruga familia inayohama mara nyingi si mzigo. Ni nyumba inayohamiwa, ambayo baba na mama wameiona mara moja tu, saa nne asubuhi, wakiwa na dalali mwenye haraka ya kumalizana nao.

Irudieni jioni, bila dalali. Jioni ndipo utajua kama baa ya jirani inafungulia muziki hadi usiku wa manane, kama njia ya kutoka kituoni ina taa, na kama bomba linatoa maji au linatoa upepo. Wasalimie wapangaji wa nyumba ya pili na uwaulize bila kuona haya: maji hutoka siku gani? Shimo la choo lilinyonywa lini? Mvua ikinyesha, gari linafika mlangoni?

Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba, na jiji hili limejaa mabonde. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwahamishia Mabwepande wakazi wa Bonde la Msimbazi waliopoteza makazi. Mpaka leo wapo wanaopangisha vyumba vya mabondeni wakati wa kiangazi, rangi ikiwa mbichi ukutani. Usiitazame rangi hiyo. Zunguka nyuma, utazame ukuta wa uzio na wa jirani. Mstari wa tope ulioachwa na maji utakuonesha yalifika wapi.

Kisha mita ya LUKU, na hapa nitakaa kidogo maana wengi huumia. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Nyumba ikikaa tupu na umeme haununuliwi, deni hujilimbikiza. Ikikaa hivyo miezi 8, yanakusubiri makato ya shilingi 12,000, nawe utadhani mita ni mbovu. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji, kwa hiyo izungumzwe mapema na makubaliano yaandikwe kwenye mkataba. Lipo na jingine: mita ambazo hazikuboreshwa kabla ya 24 Novemba 2024 hugoma kupokea tokeni mpya mpaka ziingizwe kwanza namba maalumu za TANESCO. Nyumba iliyofungwa muda mrefu inaweza kuwa na mita ya namna hiyo. Dawa yake ni nyepesi: nunua umeme wa fedha kidogo, uuingize ukiwa na mwenye nyumba, ndipo utoe kodi ya pango ya miezi 6.

Wenye watoto wahame kwa kalenda ya shule, si ya mwenye nyumba. Likizo za Juni na Desemba zipo, zitumieni. Anzeni na shule mnayoiendea, mhakikishe ina nafasi, ndipo mwende kwa mwalimu mkuu wa shule ya sasa mkiwa na namba ya PREM ya mtoto. Mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne aliyekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa taifa ni heri abaki kwa shangazi au mjomba hadi amalize, hata kama mama ataona uchungu. Kumng'oa wakati huo ni kumwonea.

Siku moja au mbili kabla ya kuhama, peleka ufagio na fundi wa vitasa kabla ya kupeleka vyombo. Huwezi kujua wapangaji waliopita walichonga funguo ngapi. Kagua nyufa za ukuta na mbao za dari. Ukiona dalili za kunguni, nyumba ipulizwe dawa ikiwa tupu, kwa sababu wakishaingia kwenye godoro vita inakuwa ngumu.

Friji lizimwe usiku wa kuamkia safari ili barafu iyeyuke, na lisafirishwe likiwa wima. Likilazimika kulazwa, mafuta ya kompresa huhama mahali pake, kwa hiyo likifika lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Mtungi wa gesi ufungwe, utolewe regileta, usimame wima kwenye hewa. Vitakavyohitajika usiku wa kwanza, yaani godoro, chandarua, jiko, sufuria moja na ndoo, vipakiwe mwisho ili vishuke kwanza. Vyeti, hati, kadi za kliniki na dawa za bibi visipande gari la mzigo hata kidogo. Mama avibebe mkononi. Na bei ya wapakiaji ikubalike kabla boksi la kwanza halijanyanyuliwa, pamoja na ya kushusha, maana ugomvi mwingi huzuka kwenye kushusha.

Mkishafika, msalimieni mjumbe na mjiandikishe ofisi ya serikali ya mtaa wiki hiyohiyo. Siku mtakapohitaji barua ya utambulisho, au usiku mgonjwa atakapozidiwa, mtakuwa watu wanaojulikana.

Wenye nyumba nao wana wajibu. Anayelipa miezi 6 kwa mkupuo anastahili kukuta choo kinafanya kazi, mita inapokea tokeni na mkataba ulioandikwa. Msomaji, kama hayo hayapo, usitoe fedha bado.