Kwa nini koyote mjanja haji akiitwa usiku?

Koyote ni mnyama wa Amerika Kaskazini, wa jamii moja na mbwa na bweha. Kwa wafugaji wa kondoo Marekani, akivamia usiku ni hasara.

Wawindaji humwita kwa spika inayotoa kilio cha sungura aliyeumia. Tatizo? Aliyewahi kuponea risasi hujifunza kuiogopa sauti hiyo. Wengi huzunguka kwanza mpaka upepo uwaletee harufu. Wakinusa mtu tu, kwisha habari.

Ndiyo maana wazoefu hubadili sauti, huanza kwa sauti ya chini, na huweka macho kule upepo unakoelekea. Februari, msimu wa kupandana, mlio wa koyote mwenzake huvuta zaidi.

Ila kabla ya kufyatua, hakikisha: macho yanayong'aa gizani yanaweza kuwa ya mbwa wa jirani.